Shahidi Asiyetaka Kusema: Kipigo cha Ndoa Mbele ya Mahakama na Mbele ya Fasihi ya Kiswahili

Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80) hakimo miongoni mwa matini ambazo wahakiki wa fasihi wamezoea kuzisoma, ilhali kina jambo linalowahusu. Katika mashtaka mengi ya jinai, mke halazimishwi kutoa ushahidi wa kumtia mumewe hatiani, wala mume dhidi ya mkewe. Lakini pale ambapo kitendo kinachoshtakiwa kimemdhuru mwenzi huyo mwenyewe, au mali yake, au watoto wa mmoja wao, ngao hiyo huondolewa: mke anaweza kuitwa na upande wa mashtaka, na akiitwa hana hiari ya kukataa. Busara ya kifungu hicho haina shaka, kwani vinginevyo mpigaji angejificha nyuma ya cheti cha ndoa. Hata hivyo, sheria iliyo na uwezo wa kumfikisha mwanamke kizimbani haina uwezo wa kumfanya aseme kile alichokisema kituoni. Yule aliyeandikisha taarifa uso ukiwa umevimba, akapewa nambari ya OB na fomu ya P3 ili ijazwe na daktari, siku ya kesi inapowadia anaapa kwamba aliteleza bafuni.

Mahakama ina utaratibu wa kukabiliana na hali hiyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 161 cha sheria iyo hiyo, kiongozi wa mashtaka anaweza kuomba ruhusa ya kumhoji shahidi wake mwenyewe kana kwamba ameletwa na upande wa pili. Kwa lugha ya mawakili, mwanamke huyo amegeuka kuwa shahidi hasimu. Istilahi hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho la mhakiki: aliyepigwa amekuwa hasimu wa kesi ya kupigwa kwake. Ama alidanganya kituoni, ama anadanganya kizimbani. Usomaji wa tatu haupo.

Makala hii inashikilia kwamba usomaji wa tatu upo. Kukana kwa mwanamke huyu ni usimulizi wenye fani yake, hadhira yake na sababu zake, na fasihi ya Kiswahili imeujua usimulizi huo kwa muda mrefu, ingawa nayo, kama itakavyobainika, ina upofu wake. Wala suala hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya walio kati ya umri wa miaka 15 na 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na miongoni mwa wale waliowahi kuolewa, mtendaji anayetajwa zaidi ni mume au mwenzi, wa sasa au wa zamani.

Shahidi wa maana mbili

Neno shahidi lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana mbili. Shahidi ni yule aliyeona jambo akalieleza. Shahidi pia ni yule aliyeuawa akiitetea imani au haki. Mahakama humhitaji shahidi wa maana ya kwanza. Riwaya ya Kiswahili, kwa kiasi kikubwa, imempenda zaidi shahidi wa maana ya pili.

Mfano ulio wazi ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya iliyozua mtafaruku mkubwa nchini Tanzania hata ikaondolewa shuleni. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na kipigo hichohicho kinamshukia binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Wahakiki wameandika mengi kuhusu malezi ya Rosa, ukali wa baba na maangamizi yanayofuatia. Kilichosemwa kwa uchache ni kwamba kipigo cha Regina, ambacho ndicho chemchemi ya yote, hakigeuki kuwa shauri la serikali. Kinabaki kuwa hali ya hewa ya nyumba ile. Rosa anajiua, wazazi wake nao wanafariki, ndipo mtunzi anapofungua mahakama, na mahakama yenyewe iko mbinguni. Huko binti na baba wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama, na swali linalotawala ni nani aliyemharibu Rosa.

Uamuzi huo wa kifani una uzito wake. Kezilahabi anaelekea kusema kwamba hakuna mahakama ya duniani iliyokuwa na uwezo wa kulisikiliza shauri la nyumba ile. Lakini una gharama yake pia. Mashahidi wanaweza kusema kweli yote kwa sababu wamekwisha kufa. Hawana nyumba ya kurudi jioni, hawana karo ya kulipa, hawana wakwe wanaowangoja nje ya chumba cha mahakama. Maiti ndiye shahidi asiyegeuka. Mwanamke aliye hai, mwenye watoto wa kulisha na mume ambaye wiki ijayo atakuwa ameachiliwa kwa dhamana, ni mhusika mgumu zaidi kwa mtunzi, kama alivyo mgumu kwa hakimu.

Sarufi ya kukana

Kabla ya kuuliza kwa nini mwanamke huyu anakana, yafaa kutazama jinsi anavyokana, kwa maana hapo ndipo Kiswahili kinapotoa ushahidi ambao kumbukumbu za mahakama hazina mahali pa kuuweka.

Taarifa ya kituoni huwa na kitenzi kama alinipiga. Katika neno hilo moja watu wawili wamesimama uso kwa uso: a- ni mtenda na -ni- ni mtendwa, hakuna nafasi ya kujificha. Kizimbani kitenzi hubadilika. Husikika tulipigana, au tuligombana, au lile linalopendwa kuliko yote, tulikosana. Kauli ya kutendana imewakusanya mpigaji na mpigwa ndani ya kiambishi kimoja, tu-, na kipigo kimekuwa mali ya shirika. Akibanwa zaidi, msemaji huhamia kauli ya kutendeka: mkono ulivunjika. Sasa kiima cha sentensi ni mkono, na watu wote wawili wametoka nje ya tungo. Au husema niliumia, akiikwepa niliumizwa, maana umbo la pili lingemwalika wakili kuuliza: na nani? Mtenda akilazimika kutajwa, hutajwa pombe, au hasira, au shetani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba takriban hakuna uongo katika tungo hizi. Mkono kweli ulivunjika. Msemaji kweli aliumia. Pombe kweli ilikuwapo. Mwanamke aliyeapa kusema kweli amesema kweli, akaipunguza kwa kiambishi. Hata kukosana si neno tupu kama linavyodhaniwa, kwani mzizi wake ni kosa, na atamkaye tulikosana ametangaza kwamba kosa lilitendeka, akasita tu kulielekeza kwa mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sarufi anafundishwa kwamba mnyambuliko wa kitenzi hubadili uhusiano wa washiriki wa tendo. Kizimbani mnyambuliko huo ni mkakati wa kuokoka, na hutekelezwa kwa ustadi na watu ambao hawajawahi kusikia neno mnyambuliko.

Nini hutokea kwa ustadi huo? Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75), katika kifungu cha 198, inatambua Kiingereza na Kiswahili kuwa lugha za mahakama za chini. Lakini kwa desturi kumbukumbu za mashauri huandikwa kwa Kiingereza, hata pale shahidi anapozungumza Kiswahili au lugha ya mama kupitia kwa karani. Hakimu husikia tulikosana na kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya kutofautiana kimawazo, kana kwamba watu wawili walihitilafiana juu ya siasa. Mkono ulivunjika huandikwa kwa tungo ambayo katika Kiingereza haina ajabu yoyote. Mahakama ya rufani, ikija kulisoma faili hilo, haitapata hata alama ya mahali sauti ilipobadili njia. Kuna mashauri ambayo yamekufa katika tafsiri kabla hayajafia katika hukumu.

Nani anasikiliza

Kwa kawaida sheria hudhani kwamba anayejibu swali la kiongozi wa mashtaka anazungumza na hakimu. Mwanafasihi hawezi kuridhika na dhana hiyo, kwa sababu hadhira ya usimulizi ni pana kuliko yule anayetazamwa usoni. Nyuma ya hakimu wameketi mama mkwe, shemeji, na yumkini mzee wa mtaa aliyejaribu kuwapatanisha kabla kesi haijafika mahakamani. Mshtakiwa yuko hatua chache tu kutoka kwa shahidi. Kila neno linalotamkwa litarudi nyumbani kabla ya msemaji mwenyewe.

Kiswahili kimeiandalia hadhira hiyo maadili yake. Ndoa huitwa sitara, na aliyesitiriwa hatarajiwi kujivua hadharani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayeeleza mambo ya nyumbani mbele ya wageni huambiwa amemwaga mtama penye kuku wengi. Ni haki kuongeza kwamba lugha hiyohiyo imeweka hazina ya upande wa pili: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanamke wa kizimbani hakulelewa kwa methali za upande mmoja tu. Anajua kwamba kuna wakati wa kusema. Shaka yake ni kama chumba kile ndicho mahali penyewe.

Hapa utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, unafaa kusomwa upya. Umezoeleka kusomwa kama katiba ya utiifu: binti ausiwa kutafuta radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Biersteker (1991) amewahimiza wasomaji wasiupokee wosia huo kijuujuu, na wito wake ni wa haki, maana mama mjane anayemfunza bintiye jinsi ya kuishi na mwanamume anaweza kuwa anamfunza utiifu na ujanja kwa pumzi moja. Lakini kwa ajili ya mjadala huu kipengele kimoja ndicho muhimu: utendi nao una mahakama. Siku ya kiyama mume ndiye anayeulizwa atakalo juu ya mkewe, na neno lake ndilo linaloamua kama mke ataingia peponi au motoni. Mke haulizwi.

Ukiiweka mahakama hiyo sambamba na ya hakimu wa Kenya, utaona kwamba zimepinduana kabisa. Ile humsikiliza mume peke yake. Hii, katika kesi za kipigo cha nyumbani, imekuwa ikimtegemea mke peke yake, kiasi kwamba akinyamaza kesi nzima huanguka. Hilo linaonekana kuwa maendeleo makubwa, na kwa upande mmoja ndivyo. Kwa upande mwingine ni kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Utendi ulimwambia mwanamke kwamba uzima wake umo kinywani mwa mumewe. Mahakama inamwambia mume kwamba uhuru wake umo kinywani mwa mkewe, kisha inawarudisha wote wawili katika chumba kimoja kungojea siku ya kutajwa kwa kesi. Ni dhahiri nani atashughulikia kinywa cha nani katika muda huo.

Kinachozuia hitimisho la haraka kwamba mwanamke wa Pwani, au wa mahali pengine popote, hujinyamazia kwa mila tu, ni utafiti wa Susan Hirsch (1998) katika mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi. Hirsch anaonyesha kwamba mwanamke anatarajiwa kuvumilia wakati mwanamume ana uwezo wa kutamka, hasa kutamka talaka; hata hivyo ni wanawake ndio wanaofungua mashauri mengi, wanasimulia matatizo yao kwa urefu, na aghalabu wanafaulu. Katika kusimulia huko wanavunja mwiko wa kutoboa siri za nyumba, na wanajua kwamba wanauvunja. Basi ulimi upo. Tofauti ni nini? Katika mahakama ya kadhi mwanamke ndiye mdai. Shauri ni lake, analipeleka anakotaka liende: masurufu, talaka, malezi ya watoto. Katika mahakama ya jinai jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la aliyepigwa halimo katika anwani ya kisa chake. Jamhuri ndiye msimulizi. Yeye ni mhusika anayeitwa jukwaani, akaulizwa maswali, akaambiwa ashuke. Na mwisho wa kisa hakuuchagua: kifungo kinachoondoa mshahara nyumbani, au faini inayolipwa kwa pesa za unga. Anapogoma kusema, huenda anagomea mwisho ambao hakuuandika.

Kosa la kumwingiza mtu ndani

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), riwaya ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya wameisoma kwa ajili ya mtihani, Bwana Maksuudi anamfungia mkewe Tamima ndani ya nyumba. Uchungu wa uzazi unapomshika, mkunga Farashuu anaingizwa ndani kinyume cha amri ya mwenye nyumba. Maksuudi anarejea, anampiga Tamima na kumwacha. Uhakiki wa kawaida huichukulia sehemu hii kuwa kilele cha ukatili wa Maksuudi na kupita. Ni vyema kusimama kidogo. Tamima hakusema neno lolote dhidi ya mumewe. Kosa lake ni kwamba mtu wa nje amevuka kizingiti na kuona. Anaadhibiwa kwa kupatikana na shahidi.

Aidha, katika tukio hilo mwanamume ni mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja. Talaka inatamkwa juu ya mwili ambao haujamaliza kuuma. Mohamed ameelewa jambo ambalo sheria huchelewa kulielewa: kwamba ndani ya nyumba kama ile mahakama tayari ipo na inafanya kazi usiku na mchana, na mwanamke anayekwenda kituo cha polisi anakata rufani dhidi ya mahakama hiyo, huku akijua kwamba rufani ikishindwa atarudi kwa hakimu yuleyule wa mwanzo. Tunu nyingine ya riwaya hii ni kumbukumbu yake kuhusu mashahidi wasio wake: mkunga, mtumishi, binti anayetazama. Kesi ambayo ingejengwa juu ya hao, pamoja na daktari aliyeijaza P3, isingehitaji kumng'ang'ania Tamima aseme. Upande wa mashtaka unaolia kwamba hauna ushahidi kwa kuwa mke amegeuka, mara nyingi haukumtafuta Farashuu wala Biti Kocho.

Hata hao wa pembeni, hata hivyo, wana sababu ya kuogopa, na kumbukumbu ya jamii imeihifadhi sababu hiyo kwa njia ya wimbo. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye nyimbo zake zilianza kurekodiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba kuhusu tukio linalojulikana kwa jina la Kijiti. Halikuwa shauri la mume na mke. Mwanamke mgeni kutoka bara alikwenda ngomani na wenyeji wake wa kike, akauawa. Kwa maelezo ya Laura Fair (2001), aliyetuhumiwa alitorokea bara. Wanawake waliokuwa na marehemu ndio waliofikishwa mbele ya mahakama ya kikoloni, na wao ndio waliofungwa. Mahakama ilihukumu mwenendo wao, kwa suala la pombe, badala ya kusikiliza walichokuwa nacho cha kusema. Wimbo wa aina hiyo ukiimbwa kwenye harusi na barazani, unafundisha somo la sheria ambalo haliwezi kufutwa na mabango ya kampeni ya wiki moja: anayekwenda kushuhudia anaweza kurudi akiwa mkosaji.

Suluhu na ofisi

Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ina milango miwili ambayo mwanamke asiyetaka kusema hutokea. Kifungu cha 176 kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamikaji kuondoa lalamiko kabla ya amri ya mwisho, na mshtakiwa huachiliwa huru. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 159, inaitaka mahakama ikuze upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, maadamu hazipingani na haki za binadamu.

Kwa istilahi za tanzu, suluhu ni futuhi: wagombanao ndio wapatanao, na mwisho wake ni watu kula pamoja. Hakuna ubaya katika utanzu huo iwapo waliogombana walikuwa wawili walio sawa. Matatizo huanza pale kisa cha mpigaji na mpigwa kinapolazimishwa kuvaa joho la ugomvi wa wawili. Yaani pale mahakama yenyewe inapotumia kauli ya kutendana. Lakini kifungu cha 204 hakikusema kwamba lalamiko huondolewa kwa kuombwa tu. Kimemtaka mlalamikaji airidhishe mahakama kwamba sababu za kutosha zipo. Maneno hayo machache yanamdai hakimu usomaji wa karibu: nani amemsindikiza mwanamke huyu leo, analala wapi tangu siku ya taarifa, nani analisha watoto, na je, neno nimemsamehe ni lake au amelibeba kutoka katika kikao cha jana usiku? Hakimu asiyeuliza hayo anakuwa kama mhakiki anayetangaza maudhui ya shairi baada ya kusoma ubeti wa mwisho pekee. Kwa upande wa pili, kiongozi wa mashtaka anayemtisha mwanamke kwa mashtaka ya kusema uongo chini ya kiapo, ili kesi isimponyoke, naye hajasoma. Amebadilisha tu sauti inayomwamrisha.

Dola nayo haina rekodi ya kuwa chombo kisicho na nafsi. Katika Natala ya Kithaka wa Mberia (1997), mjane anayehitaji kibali cha mazishi anakutana na chifu Gane, ambaye anaigeuza ofisi ya umma kuwa mtego wa kumtaka kimapenzi. Mwandishi ameonyesha kwa umbo la tamthilia kwamba kizingiti cha ofisi kinaweza kufanana mno na kizingiti cha nyumba. Sheria zenyewe zimekuwa na vinyamazo vyake: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyosifiwa kwa ujasiri, iliweka katika kifungu cha 43 maneno kwamba kifungu hicho hakitawahusu watu waliooana kihalali. Ukitafuta mfano wa msimulizi aliyefika mlangoni mwa chumba cha kulala akageuza uso, ndio huo.

Kwa hiyo Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 ni zaidi ya nyongeza ya adhabu. Aliyedhulumiwa anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi inayomtaka mtesaji akae mbali naye au aache vitendo alivyotajiwa. Jinai huja baadaye, amri inapovunjwa. Maana yake kwa usimulizi ni kubwa. Mwanamke amerudishiwa nafasi ya mdai, ile ambayo Hirsch aliiona ikifungua vinywa katika mahakama za makadhi. Anaweza kusema alinipiga bila kulazimika kusema mfungeni. Kama amri hizo hazitolewi kwa wingi unaotarajiwa, au mahakama iko mbali na nauli haipo, hilo ni suala la utekelezaji ambalo wanasheria wanalijadili. Hapa itoshe kusema kwamba sheria hiyo imeandika upya nafsi ya msimulizi, na hilo si dogo.

Mhusika anayekosekana

Likibaki deni, ni la watunzi. Fasihi ya Kiswahili imewapa wasomaji mke anayekufa, mke anayeachwa, mke anayetoroka na, tangu miaka ya 1980, mke anayepinga. Mwavita wa Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi (1987), anayedhulumiwa na mumewe Kinaya, ni mmoja wa hao wa mwisho, na Natala ni ndugu yake wa kisanaa. Wote hao wana msogeo ulionyooka. Mhusika asiyeonekana ni yule aliye wengi zaidi katika korido za mahakama: anayeripoti Jumatatu, anayerudi nyumbani Alhamisi, anayekana baada ya miezi sita, na ambaye pengine ataripoti tena. Msuko wa mtunzi unachukia kurudirudi. Uhakiki wa miaka ya nyuma, uliopima wahusika wa kike kwa kigezo cha kujikomboa, ulimwona mwanamke wa aina hiyo kuwa duni kisanaa na dhaifu kiitikadi, na ukawafundisha wanafunzi kumdharau. Baadhi ya wanafunzi hao leo ni mahakimu na viongozi wa mashtaka.

Tamthilia ndiyo ingemfaa zaidi. Katika riwaya msimulizi anaweza kumwombea radhi au kumlaumu. Jukwaani hadhira imekiona kipigo kwa macho yake katika onyesho la kwanza, na inamsikia akikana katika onyesho la nne. Haina ruhusa ya kudhani kwamba kipigo hakikutokea, wala haiwezi kumwita mwongo bila kujiuliza yenyewe ilikuwa wapi. Onyesho hilo linahitaji vifaa vichache: kizimba, benchi, mama mkwe aliyempakata mtoto, karani anayefasiri, na hakimu anayeandika kwa mkono bila kuinua kichwa. Na mtunzi atakayeliandika atalazimika kuamua jambo moja la maelekezo ya jukwaani ambalo kumbukumbu za mahakama haziliweki: shahidi anapotamka kwamba mkono ulivunjika, macho yake yanamtazama nani.